Kompyuta Zinazosubiri Mgeni Rasmi

Niliondoka Dodoma na hasira, nikarudi na hasira zaidi, kwa hiyo msomaji anayetaka habari za upepo mwanana na machweo ya jua atafute msafiri mwingine. Sababu ya safari ilikuwa picha mbili nilizotumiwa kwenye simu na Daudi, kijana niliyemfundisha kompyuta hapa chuoni Chimwaga. Siku hizi anafundisha kwa kujitolea katika sekondari moja ya kata, huko ndani ndani, ukishaipita Bahi. Picha ya kwanza ilikuwa ubao mweusi uliochorwa kibodi nzima kwa chaki, herufi kwa herufi. Picha ya pili ilikuwa mlango wa buluu wenye kufuli kubwa, na juu ya kufuli umefungwa utepe mwekundu uliopauka kwa jua mpaka umekuwa kama rangi ya nyanya inayoanza kuiva. Chini yake aliandika: "Madam, kompyuta zimo humo ndani, mpya kabisa. Kidato cha nne wana mtihani wa vitendo karibuni na hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa kompyuta. Naomba uje uzungumze na Mkuu wa Shule. Mimi hanisikilizi."

Nikampigia hapo hapo. "Daudi, kwa nini hamfungui mlango?"

"Hazijazinduliwa, Madam."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haziguswi."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Zilikuwa zimefika tangu masika, zikapangwa mezani, utepe ukafungwa, na tangu hapo anasubiriwa mgeni rasmi aje aukate. Mgeni alishaahirisha mara nyingi. Lakini kwa kuwa kompyuta zimefika, shule iliwasajili wanafunzi kufanya mtihani wa somo hilo, ule wa nadharia na ule wa vitendo. Nikaomba likizo yangu siku hiyo hiyo. Dada yangu aliponiona nafunga begi akasema, "Rehema, unakwenda kugombana na watu bure." Nikamwambia sigombani na mtu, nakwenda kufundisha. Alinitazama kama mtu anayenijua.

Jumatatu asubuhi, Ipagala. Nilitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, laptop yangu nimeifunga ndani ya kanga mbili kwa ajili ya vumbi, nikaenda stendi ya Nanenane kupanda basi la Singida. Mwezi wa tisa nchi yetu haijifichi: ardhi nyekundu, mibuyu mitupu, na upepo unaokuletea shamba la mtu zima zima hadi mdomoni. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mtumishi wa ofisi fulani, kijana wa tai, akaniuliza naenda wapi. Nilipomwambia, akasema eti siku hizi vijijini nako wameendelea, kila shule ina chumba cha kompyuta. Nikamwambia kuwa na chumba si kuwa na kompyuta. Akaweka visikilizio vyake masikioni, tukaachana kwa amani.

Saa nne, Bahi. Hapo nilishuka, nikanywa chai, nikatafuta bodaboda. Majaruba ya mpunga yalikuwa yamekauka na kupasuka, ng'ombe wanatembea ndani yake wakitafuta mabua. Dereva niliyempata alikuwa mzaliwa wa kijiji kile kile ninachokwenda, mcheshi, na alipojua safari yangu akapiga honi bila sababu.

"Madam, kumbe wewe ndiye mgeni rasmi!"

"Mimi mwalimu tu."

"Ah." Akapunguza mwendo, kama kwamba abiria wake amepungua thamani. "Maana tumemsubiri, tumechoka. Soda zilinunuliwa, zikanywewa kwenye msiba, zikanunuliwa tena. Mbuzi aliyetengwa kwa ajili yake ameshazaa."

Tulicheka sote wawili, na sikucheka tena vile kwenye safari hii. Njia ilikuwa ya mchanga mtupu, mara tatu nikashuka na kutembea. Kwenye tembe moja wanawake waliokuwa wakipeta uwele walitusalimia, "Mbukwenyi!" na dereva akawajibu kwa sauti kwamba huyu si yeye, huyu ni mwalimu.

Mchana, shuleni. Jina la shule sitalitaja, wenyewe watajijua. Mkuu wa Shule alikuja kunipokea chini ya bendera. Mtu mzima, mpole, suruali imepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa katikati ya vumbi lile. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanishukuru kwa kuja kuwasaidia vijana, akaagiza niletewe maji. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na mtu wa namna ile ni shida kumchukia. Akanipeleka mwenyewe kuonyesha chumba. Tulisimama dirishani, kwa sababu mlangoni kuna utepe. Ndani tuliona meza ndefu, na juu yake kompyuta zimefunikwa vitambaa vya kudarizi, vile vya kufunikia makochi, maua ya njano na ya zambarau.

"Mke wangu na kina mama wa kanisani ndio walioshona," akasema kwa fahari. "Vumbi haligusi hata kidogo."

Nikatazama ukutani. Umeme wa soketi zote za chumba kile ulipita kwenye waya mmoja mwembamba, kama ule wa kuwashia taa ya jikoni. Nikamwambia, "Mkuu, waya huu hautabeba kompyuta zote hizi. Nifungulie nijaribu leo, kama kuna tatizo fundi arekebishe mapema."

"Fundi aliyeweka ana cheti, Madam."

"Cheti hakipitishi umeme."

Akatabasamu kwa adabu, akaniambia darasa la kidato cha nne linanisubiri.

Sasa msomaji, nikueleze nilichokikuta darasani, maana nimefundisha kompyuta miaka mingi na sijapata kuona kitu kama kile. Daudi alikuwa ameligeuza darasa lake kuwa lahajedwali, yale majedwali ya kompyuta yanayojumlisha yenyewe. Mistari ya madawati ilipewa herufi kuanzia A, safu zikapewa namba, na kila mwanafunzi alikuwa chumba kimoja cha jedwali, ameshika kipande cha boksi chenye tarakimu. Tarakimu zenyewe hazikutoka kitabuni. Walizunguka kaya kwa kaya wakiuliza madebe ya uwele yaliyovunwa na midomo inayolishwa. Daudi alisimama mbele akaita, "Jumla, B1 mpaka B5!" Na wale watoto wa mstari wa B wakanong'onezana kutoka mbele kwenda nyuma, kila mmoja akiongeza chake, mpaka B6 akasimama na kutaja jibu kwa sauti. Daudi akambadilishia B2 tarakimu, na mnong'ono ukaanza upya wenyewe bila kuambiwa.

Katikati alisimama binti mrefu, mwembamba, sweta limefumuka kwenye kiwiko. "Shikamoo Madam. Mimi naitwa Sechelela, lakini hapa mimi ni D4. Natafuta wastani. Nikikosea mimi, E4 na F4 wote wanakosea."

"Na E4 anatafuta nini?"

"Kaya ambazo chakula kitaisha kabla ya Krismasi."

Kila mmoja mle darasani alikuwa anajua kaya hizo ni za nani. Nilimgeukia Daudi, nikaona macho yake yanasubiri nimsifu, na badala ya kumsifu nikajikuta nasema, "Jamani, na mashine ziko hapo nyuma ya ukuta!"

Alasiri niliifungua laptop yangu juu ya dawati la mbele. Walijipanga kwa utaratibu, kimya, kama wanaokwenda kupokea komunyo. Wa kwanza alikuwa Sechelela. Aliketi, akaweka vidole kwenye kibodi, na vidole vilikaa mahali pake hasa, kila kimoja kwenye herufi yake, bila kutazama. Nikasema aandike jina lake. Vidole vikaenda mbio. Kwenye kioo hakikutokea kitu.

"Bonyeza," nikamwambia.

"Nimebonyeza, Madam."

Akarudia. Nikainama kutazama. Alikuwa anagusa herufi na kuinua kidole, anagusa na kuinua, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Daudi alijishika kichwa. Wanafunzi wake walijifunzia kwenye kibodi za maboksi ya sabuni alizowachorea kwa kalamu, na kwa kuwa maboksi yalikuwa yanabonyea na kutoboka, aliwakataza kukandamiza. "Guseni tu," aliwaambia, mwaka mzima. Wote walikuwa hivyo. Walijua kibodi kuliko makarani wengi wa mjini, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuandika herufi A.

Tulianza pale. Aliyeketi anaandika, na darasa zima linampigia kelele, "Bonyeza! Bonyeza!" Herufi ya kwanza ya Sechelela ilipotokea alirudisha mkono haraka, kisha akacheka, akaziba mdomo. Mpaka jua linashuka alikuwa ameingiza madebe ya mtaa mzima wa kwao na kuandika fomula ya wastani yeye mwenyewe. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kule Chimwaga watu wanasoma hayo mambo tu, kutwa nzima. Nikamwambia ni kweli. Akasema anataka kuja. Nikamwambia, "Wewe njoo na ufaulu wa kompyuta. Nitakupokea getini mwenyewe." Hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya wenzake.

Jioni, nyumbani kwa Mkuu. Nililala kwake siku zote, na sitakosa fadhila: walinipa chumba cha watoto, maji ya kuoga ya moto, ugali wa uwele na mlenda mzito wa karanga, na kuku aliyechinjwa kwa heshima yangu. Sebuleni kulikuwa na kabati la vioo lenye glasi za maua, zimepangwa kwa vimo. Sisi tulinywea vikombe vya plastiki. Nilimuuliza mke wake, Mama Elia, glasi zile ni za nani.

"Za wageni."

"Na mimi?"

"Wewe umeshakuwa wa nyumbani," akasema, na tukacheka. Hata kwa mama yangu kule Kikuyu, hapo hapo Dodoma mjini, kulikuwa na kabati kama hilo, na alifariki sahani zake za wageni hazijapata mchuzi.

Baada ya chakula nikamkabili Mkuu. Nilimwambia watoto wanajua kila kitu isipokuwa mashine yenyewe. Kila siku ambayo mlango umefungwa ni alama zinazopotea.

"Keki ya harusi hailiwi kabla bwana harusi hajafika, Madam."

"Na ikichacha?"

Akaniambia habari za mkuu aliyemtangulia. Shule ililetewa matenki ya maji. Kiangazi kilikuwa kikali, wanafunzi wakateka kabla ya uzinduzi. Mgeni alipofika akakuta matenki yana matope na bomba linavuja, akauliza mbele ya watu, "Nimeitwa kuzindua vitu vilivyotumika?" Mkuu yule hakuimaliza wiki. Alihamishwa kwenda mahali ambako, kwa maneno ya mwenyeji wangu, hata barua inafika imechoka.

"Mimi nimebakiza kidogo nistaafu," akasema. "Nikistaafu, zifungueni mchana na usiku."

Mama Elia alikuwa anakusanya vyombo. "Kaniambia mwenyewe, zile zikifa kabla ya kuzinduliwa, tumzike nazo," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Jumatano asubuhi simu ikaja kutoka mjini: mgeni rasmi anakuja Ijumaa, kweli kweli. Shule ikachangamka kama nyumba ya harusi. Masomo yakasimama. Kidato cha kwanza wakafyeka, cha pili wakapaka mawe chokaa, cha tatu wakafanya mazoezi ya wimbo. Kidato cha nne, wenye mtihani, walipangwa kufanya mazoezi ya kukaa. Ndiyo, kukaa: nani ataketi kompyuta ipi, nani ana sare isiyo na kiraka, nani atapeleka sinia la mkasi. Sechelela alipewa kompyuta ya mbele kabisa kwa kuwa ni mrefu na ana meno mazuri. Walimshonea sweta lake.

Alhamisi mlango ulifunguliwa kwa ajili ya usafi. Utepe ulifunguliwa upande mmoja kwa uangalifu, tukaingia kwa kuinama, viatu tumeviacha nje. Nilifuta vumbi kompyuta ambazo hazijawahi kuwashwa. Nikamsihi Mkuu kwa mara ya mwisho: "Washa moja tu. Sasa hivi. Hakuna anayetuona."

"Kesho, Madam. Tumevumilia tangu masika, tutashindwa siku moja?"

Ningeweza kuwasha mwenyewe. Kitufe kilikuwa mbele ya mkono wangu. Lakini Daudi alikuwa amesimama pembeni ananitazama kwa woga, kijana asiye na ajira, anayesubiri mkuu huyu huyu amwandikie kwamba ni mtu mtiifu. Nikaendelea kufuta vumbi.

Ijumaa. Mgeni aliambiwa saa nne, akafika saa tisa, na msafara wa magari ulioacha vumbi hadi kwenye sufuria za pilau. Cheo chake hakitatusaidia kitu hapa. Alikuwa mtu mchangamfu, alisalimia kila mtu kwa Kigogo alichofundishwa garini. Wazee wakamvika mgolole, wakampa fimbo. Akaletewa mkasi kwenye sinia lenye kitambaa cha maua ya njano, nikakitambua. Akakata utepe, vigelegele vikapigwa, tukaingia.

Wanafunzi walikuwa wameshaketi. Mkuu akampa Daudi ishara, Daudi akawasha swichi kuu, kisha wanafunzi kwa pamoja, kama walivyofundishwa, wakawasha kompyuta zao. Vioo vyote vikapata mwanga wa buluu. Nilisikia darasa zima likivuta pumzi. Sechelela alinigeukia, na sitaisahau sura ile.

Kisha tap! Chumba kikazimika.

Harufu ya waya kuungua ikatupitia puani. Nilimtazama Mkuu, jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa. Nani alijua la kufanya? Mshereheshaji alijua. "Makofi kwa mgeni rasmi!" akapaza sauti, na watu wakapiga makofi, nguvu zao zote. Mpiga picha akaja mbele. "Vijana, kaeni hivyo hivyo, wekeni vidole. Mheshimiwa, inama kidogo kwa huyu binti, kama unamwelekeza." Na Mkuu akapita nyuma yao akinong'ona, "Wekeni tu. Msibonyeze, msibonyeze."

Nami niliyekuja toka Dodoma kuwafundisha kubonyeza nilisimama ukutani na kanga yangu mkononi. Mgeni aliinama juu ya bega la Sechelela, akaonyesha kwa kidole kwenye kioo cheusi, akatabasamu. Picha zikapigwa. Hotuba ilikuwa juu ya kizazi cha kidijitali. Pilau likaliwa, na nyama ya mama mbuzi. Watoto wake walikuwa wanalia nyuma ya jiko.

Magari yalipoondoka nilimfuata Mkuu mbio. Tayari alikuwa anafunga kufuli.

"Mkuu! Waya ule ukiungwa hapo ulipoungua, unabeba kompyuta moja au mbili bila shida. Acha tuwashe mbili tu, watoto wapokezane!"

"Haiwezekani. Mheshimiwa ameagiza zisiguswe mpaka mtaalamu aje."

"Na mimi ni nani? Si mtaalamu?"

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Wewe ni Madam," akasema.

Nilipandisha sauti, nikiri. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mwenye nyumba aliyemchinjia kuku. Nilimwambia anawazika watoto wa watu ili yeye astaafu salama. Aliyasikiliza yote ameinamisha kichwa, ufunguo mkononi, na nilipomaliza akauliza kama nitasafiri na mkate au Mama Elia anitengenezee viazi.

Jumamosi asubuhi, kuondoka. Nilimwachia Daudi laptop yangu. Tulikubaliana wanafunzi waitumie kwenye mtihani kwa zamu, msimamizi akiruhusu. Wanafunzi walinisindikiza hadi kwenye mchanga, na Sechelela akabeba begi langu kichwani. Nilipopanda bodaboda akasema neno moja tu, "Getini, Madam." Nikasema, "Getini." Dereva alikuwa yule yule. Safari hii hakupiga honi. Akaniambia taratibu kwamba kijijini wanasema uzinduzi ulifana sana.

Dodoma, wiki ya mtihani. Niliirudia kazi yangu, nikagombana na kila mtu ofisini, nikisubiri simu. Daudi alipiga jioni. Msimamizi aliruhusu zamu. Daudi, kwa nia njema kabisa, akawatanguliza wale walio wazito, akamweka Sechelela mwisho. Alimfikiria kama nami ningemfikiria: huyu anajua zaidi ya wote, atahitaji muda mfupi. Katikati ya zamu umeme wa kata ulikatika. Laptop ikaendelea kwa betri, na betri ya laptop yangu ni ya kizee, nilikuwa naahirisha kuibadilisha. Ilizimika wakati yule aliyemtangulia Sechelela anahifadhi kazi yake.

"Yeye alikuwa anafanya nini?" nikauliza.

"Alikuwa kwenye foleni, Madam. Ameshika kibodi yake ya boksi, anafanya mazoezi. Ilishatoboka, maana siku hizi anabonyeza."

Msimamizi alisubiri umeme mpaka saa yake ikaisha, akafunga bahasha. Haikuwa kosa lake, wala la Daudi, wala la umeme. Nimejaribu kumpata mtu mmoja wa kumbebesha mzigo huu nikashindwa, na hilo ndilo linaloniunguza zaidi. Kila mmoja alikuwa mwema, na kila mmoja alikuwa anamwogopa wa juu yake.

Desemba fundi alikwenda, akabadilisha waya. Daudi aliniambia alimaliza kabla chai ya saa nne haijaiva. Nikamwandikia Mkuu kumwomba radhi kwa maneno yangu na kumuuliza kama sasa wanafunzi wanaingia. Alinijibu kwa heshima zote: umeme sasa ni safi, na kwa kuwa mfumo ni mpya, wameona busara wamsubiri mgeni rasmi aje auzindue.

Safari yangu ilinifundisha nini? Watu wa nyumbani mtasema nina maneno makali. Nilijifunza kwamba sisi tunapenda mgeni kuliko mtoto. Tunamwekea mgeni glasi, mbuzi, mlango mzima, na mtoto tunamwambia aguse tu, asikandamize. Nami ni mmoja wetu. Nilifuta vumbi kile kitufe na sikukibonyeza.

Matokeo yalipotoka nilitafuta jina lake. Nadharia alifanya vizuri ajabu, Daudi aliniambia baadaye, lakini vitendo ni vitendo, na somo la kompyuta alianguka. Hakuja. Siku za usajili nilijikuta napita getini mara kwa mara bila sababu, mlinzi akaanza kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Wiki ile ile chuo kililetewa kalenda za mwaka mpya, zile kubwa za ukutani ambazo ofisi hugawa bure. Katibu wetu akaibandika moja mbele ya meza yangu. Juu kabisa, picha ya rangi: mheshimiwa ameinama, na mbele yake binti mrefu mwenye sweta lililoshonwa na meno mazuri, vidole kwenye kibodi. Kioo cha kompyuta wamekipaka buluu kwa ufundi wao, ungeapa kinawaka. Nilisogea karibu. Wenzake wote nyuma wameweka vidole kama walivyoambiwa, juu juu. Vyake yeye vimekandamiza, kucha zimekuwa nyeupe kwa nguvu.

Wageni wakiingia ofisini wananiambia ni picha nzuri. Nawaambia ndiyo, huyo ni mwanafunzi wangu Sechelela, aliniahidi atafika Chimwaga, na amefika.